LIJUE ENEO LA CHAMA CHAKO: SOMO LA RAMANI, UMBALI NA KANDA



Kila Katibu wa chama cha msingi amefundishwa kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la wanachama hueleza ni nani aliye mwanachama, ana hisa ngapi, na msimu huu ameleta kilo ngapi. Lakini lipo swali moja ambalo daftari peke yake haliwezi kulijibu: mwanachama huyo yuko wapi, na hutembea umbali gani hadi kwenye mizani ya chama? Swali hilo ni la jiografia, na hasa la tawi lake liitwalo jiografia ya binadamu.

Jiografia ya binadamu ni elimu inayochunguza watu wanaishi wapi, kwa nini wanaishi hapo, wanaitumiaje ardhi yao, na wanahusianaje na watu wa mahali pengine kwa njia, masoko na utawala. Wengi wetu tulilisoma somo hili shuleni kama orodha ya milima na mito ya kukariri. Kwa chama cha ushirika elimu hii ni chombo cha kazi, sawa na mizani na kitabu cha stakabadhi. Masharti ya kila chama hutaja eneo la shughuli zake, na chama kisicholijua eneo lake huamua mambo kwa kubahatisha. Anayeumia kwa kubahatisha huko kwa kawaida ni mwanachama aliye mbali.

Ili somo lieleweke tutatumia mfano mmoja, nao ni miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro. Wenzetu wa korosho huko Mtwara, wa pamba huko Simiyu na wa kahawa huko Kagera wanaweza kubadilisha majina ya mahali. Kanuni ni zile zile.

1. MAHALI

Mahali panaweza kuelezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya vipimo visivyobadilika. Dunia imegawanywa kwa mistari ya kufikirika iitwayo latitudo na longitudo. Mji wa Moshi uko takriban nyuzi 3 kusini ya Ikweta na nyuzi 37 mashariki ya mstari wa Greenwich. Vipimo hivi ni vile vile leo kama vilivyokuwa miaka 200 iliyopita.

Njia ya pili ni ya uhusiano: mahali hapa pako karibu na nini, na panafikiwaje? Uhusiano huu hubadilika, na ukibadilika maisha ya watu hubadilika pia. Wajerumani walipotawala, boma lao lilikuwa juu mlimani, mahali ambapo leo huitwa Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika chini ya mlima mwaka 1911, mji mpya ulikua penye stesheni, nao ukachukua jina la Moshi. Boma la zamani halikusogea hata hatua moja, na latitudo yake haikubadilika. Kilichobadilika ni uhusiano wake na njia ya biashara. Baadaye viwanda vya kukoboa kahawa, ofisi za chama kikuu na mnada wa kahawa vyote vilikuwa katika mji wa chini.

Funzo kwa chama ni hili: ghala lililojengwa mahali pazuri zamani si lazima liwe mahali pazuri leo. Barabara mpya, daraja lililobomoka au soko lililohamishwa vyaweza kuliacha ghala pembeni ingawa kuta zake bado ni imara.

2. RAMANI NA SKELI

Ramani ni mchoro wa sehemu ya ardhi kama inavyoonekana kutoka juu, uliopunguzwa kwa kipimo maalumu. Ramani iliyo kamili huwa na mambo matano: jina la eneo, mshale wa kaskazini, skeli, ufunguo wa alama, na mwaka ilipochorwa. Ramani isiyo na mwaka ni kama stakabadhi isiyo na tarehe.

Skeli ni uwiano kati ya umbali kwenye karatasi na umbali kwenye ardhi. Ramani nyingi za kina za nchi yetu zimechorwa kwa skeli ya 1:50,000. Maana yake ni kwamba sentimeta 1 ya karatasi ni sawa na sentimeta 50,000 za ardhi, yaani mita 500. Kwa hiyo:

sentimeta 2 kwenye ramani ni kilometa 1;
sentimeta 4 kwenye ramani ni kilometa 2;
sentimeta 12 kwenye ramani ni kilometa 6.

Kwenye ramani ya 1:250,000, sentimeta 4 zile zile ni kilometa 10. Kabla ya kubishana juu ya umbali, wajumbe wa Bodi wahakikishe kwanza kwamba wanasoma skeli moja.

Penye milima, ramani huwa pia na mistari ya mwinuko, iitwayo kontua. Kila mstari huunganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mistari ikiwa mbali mbali, ardhi ina mteremko mdogo. Ikisongamana, mteremko ni mkali. Mtu asiyeisoma mistari hii atadhani kwamba mlima ni uwanja.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba hakuna ramani inayoonyesha kila kitu. Mchoraji huchagua. Ramani ya watalii itaonyesha njia za kupandia kilele cha Kibo chenye mita 5,895, lakini haitaonyesha mfereji unaomwagilia vihamba wala kituo cha kupimia kahawa. Ukipewa ramani uliza: imechorwa kwa ajili ya nani, na nini kimeachwa nje?

3. UMBALI WA RULA NA UMBALI WA MGUU

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Umbali wa rula ni mstari ulionyooka kati ya mahali pawili kwenye ramani. Umbali wa mguu ni urefu wa njia ambayo mtu huipita kweli. Katika nchi ya tambarare tofauti yake yaweza kuwa ndogo. Katika miteremko ya Kilimanjaro yaweza kuwa kubwa sana, kwa sababu mito inayotoka mlimani imechimba makorongo marefu, na watu wanaishi juu ya migongo iliyo katikati ya makorongo hayo. Njia nyingi hupanda na kushuka kwa kufuata mgongo. Anayetaka kwenda mgongo wa jirani mara nyingi hulazimika kushuka hadi penye daraja, kisha kupanda tena.

Tuchukue chama cha kubuni chenye wanachama 480 katika sehemu tatu. Wanachama 200 wako kilometa 1 kutoka ghalani. Wengine 200 wako kilometa 2. Waliobaki 80 wako ng'ambo ya korongo. Bodi inaweka rula juu ya ramani na kuona kwamba hata wale wa ng'ambo wako kilometa 2 tu. Inaamua kwamba kituo kimoja kinatosha, kwani hakuna mwanachama anayezidi kilometa 2.

Lakini njia ya ng'ambo inashuka hadi darajani na kupanda tena, nayo ina kilometa 6. Kwenda na kurudi ni kilometa 12. Mwanachama mwenye kilo 60 za kahawa kavu, anayeweza kujitwisha kilo 20 kwa safari moja, atatembea kilometa 36 ili auze mavuno yake. Au atalipa pikipiki na kupunguza mapato yake. Wakati huo huo mlanguzi amesimama mlangoni kwake akiwa na mizani mkononi na fedha taslimu mfukoni. Bei yake ni ya chini, na hana malipo ya pili, lakini hana pia kilometa 36.

Mwisho wa msimu daftari litaonyesha kwamba wanachama wa ng'ambo wameleta kahawa kidogo. Mkutano Mkuu utasikia maneno makali kwamba watu wa upande ule si waaminifu kwa ushirika. Wenyewe nao watasema kwamba chama ni cha watu wa ghalani. Pande zote mbili zitaondoka na hasira, na chama kitakuwa kimepoteza mazao, ushuru wake na umoja wake. Katika kazi ya ukaguzi, manung'uniko ya namna hii husikika mara nyingi yakielezwa kama suala la tabia, kumbe mzizi wake ni umbali.

Wataalamu wa jiografia wana kanuni inayosema kwamba kadiri umbali unavyoongezeka, ndivyo uhusiano kati ya mahali na mahali unavyopungua. Ushirika hauwezi kuifuta kanuni hii, lakini waweza kuipunguzia nguvu. Katika mfano wetu, karani mmoja wa mizani akipelekwa ng'ambo siku mbili kwa juma, umbali wa wanachama 80 waweza kushuka kutoka kilometa 6 hadi 1. Bodi iweke gharama ya karani na usafiri upande mmoja wa hesabu, na ushuru wa kahawa inayopotea upande wa pili. Huenda kituo kitajilipa, huenda hakitajilipa. Lakini uamuzi utakuwa umetokana na hesabu.

4. MSONGAMANO NA MTAWANYIKO

Msongamano wa watu ni idadi ya watu ikigawanywa kwa ukubwa wa eneo. Kwa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu takriban 1,860,000 katika eneo linalokaribia kilometa za mraba 13,250. Ukigawanya utapata takriban watu 140 kwa kila kilometa moja ya mraba.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimwelezi mtu yeyote kikamilifu. Ndani ya kilometa hizo za mraba kuna kilele chenye barafu na msitu wa hifadhi ambako hakai mtu, na kuna nyika kavu za chini ambako makazi ni machache. Katika ukanda wa vihamba watu wamesongamana kupita kiasi hicho mara nyingi. Wastani ni kivuli cha jambo, haufunui sura yake. Ndiyo maana pamoja na msongamano huchunguzwa pia mtawanyiko, yaani namna watu walivyopangika: wamejikusanya pamoja, wamefuata barabara, au wametawanyika.

Turudi kwenye chama chetu cha kubuni. Eneo lake lina kilometa za mraba 12, hivyo msongamano wake ni wanachama 40 kwa kila kilometa ya mraba. Lakini wanachama 400 wa upande wa ghala wanakaa katika kilometa za mraba 4, yaani 100 kwa kila moja. Na wale 80 wametawanyika katika kilometa za mraba 8, yaani 10 kwa kila moja. Bwana shamba anayewatembelea wanachama 10 kwa siku upande mmoja huenda akawafikia wachache upande wa pili. Chama kikigawa siku za huduma kwa kufuata wastani, kitawapunja walio mbali bila kukusudia.

5. KANDA

Kanda ni sehemu ya nchi iliyo na jambo fulani linaloiunganisha na kuitofautisha na sehemu nyingine. Zipo kanda za namna tatu.

(a) Kanda ya kufanana. Hii huunganishwa na sifa inayoonekana karibu kila mahali ndani yake. Ukipanda Kilimanjaro kutoka kusini utapita kanda za namna hii moja baada ya nyingine: nyika yenye mvua chache, mashamba ya mahindi na maharage, ukanda wa vihamba vyenye migomba, kahawa na ng'ombe wa zizini, kisha msitu, na juu kabisa mawe na barafu. Ukanda wa kahawa uko takriban kati ya mita 1,000 na 1,800. Mpaka wa kanda hii hauna ukuta; hupungua taratibu.

(b) Kanda ya shughuli. Hii ina kitovu, na kila kilichomo kimefungamana na kitovu hicho kwa njia, fedha, mizigo na habari. Mfano ulio karibu nasi ni chama chenyewe. Kitovu chake ni ghala na ofisi. Vyama vya msingi navyo vina kitovu katika chama kikuu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha KNCU. Kwa kufanya hivyo waliiumba kanda ya shughuli: migongo ambayo awali ilikuwa chini ya watawala wa jadi mbalimbali ikaanza kupeleka kahawa yake mahali pamoja na kupokea bei yake kutoka mahali pamoja. Mahali ambapo mwanachama ameacha kuleta mazao, mpaka wa kanda umerudi nyuma hata kama masharti bado yanalitaja eneo hilo.

(c) Kanda ya fikra. Hii ni kanda iliyo katika akili na mazoea ya watu. Tunasema "Kanda ya Ziwa", "Pwani", "Uchagani", na kila mmoja anaelewa, lakini ukiwaomba watu kumi wachore mipaka utapata michoro kumi. Kanda hizi si za kupuuzwa. Wanachama wakisema "sisi wa juu" na "wale wa chini", wamekwisha kuchora mpaka usiokuwepo katika ramani yoyote, na Bodi inayochaguliwa kutoka upande mmoja tu itaufanya uzidi kuwa mgumu.

6. MIPAKA HUWEKWA NA WATU

Mipaka ya utawala huwekwa na sheria, na sheria hubadilika. Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002 kutoka Mkoa wa Arusha. Mwaka 2012 ikaongezwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Wakulima waliamka asubuhi wakiwa katika mkoa mwingine, na mashamba yao hayakusogea.

Ushirika wenyewe umepitia hali hiyo. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi za ushirika vijijini zikawekwa mikononi mwa vijiji. Kwa hiyo mpaka wa kijiji ukawa ndio mpaka wa ushirika, hata pale ambapo barabara na mazoea ya biashara yalikuwa yakiunganisha vijiji kadhaa. Sheria ya mwaka 1982 ikarudisha vyama vya msingi na vyama vikuu. Funzo lake ni kwamba mpaka wa utawala na mpaka wa shughuli ni vitu viwili. Vikilingana ni vizuri. Visipolingana, chama kichunguze mazao yanapitia wapi kabla ya kugawanyika au kuungana na kingine.

7. RAMANI NA SOKO LA NJE

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji wa misitu, na kahawa ni mojawapo. Anayeingiza kahawa katika soko hilo atatakiwa kuonyesha kwamba haikulimwa katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kutaja latitudo na longitudo ya shamba ilikotoka. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, nukta moja inatosha. Kubwa zaidi ya hapo huhitaji mchoro wa mipaka yake. Utekelezaji umewahi kuahirishwa, lakini safari ya soko inaonekana wazi.

Vihamba vingi ni vidogo sana kuliko hekta 4, kwa hiyo kazi ya Katibu ni kupata nukta moja kwa kila shamba, yenye angalau tarakimu 6 za desimali. Simu yenye uwezo wa kuonyesha mahali kwa msaada wa satelaiti yaweza kufanya kazi hiyo. Chama ambacho hakitakuwa na nukta hizo kitakuwa na kahawa nzuri isiyoweza kuthibitisha kwao.

8. NAMNA YA KUCHORA RAMANI YA CHAMA

Kwanza, pateni ramani ya eneo yenye skeli ya 1:50,000, au choreni yenu kwenye karatasi kubwa mkianza na barabara, mito na makorongo.

Pili, itisheni wanachama wa kila kitongoji, wanawake na vijana wakiwemo, kwani mara nyingi wao ndio wanaobeba mzigo na kuzijua njia.

Tatu, onyesheni ghala, vituo vya kupimia, mitambo ya kumenyea, madaraja, na njia zisizopitika wakati wa masika.

Nne, andikeni kwenye kila kitongoji idadi ya wanachama na umbali wa mguu hadi mizani.

Tano, linganisheni na daftari: kilo zilizoletwa kutoka kila kitongoji kwa misimu mitatu. Penye umbali mkubwa na kilo zinazopungua, wekeni alama nyekundu.

Sita, andikeni kwa herufi kubwa: RAMANI HII SI HATI YA ARDHI. Onyesheni mashamba kwa nukta, wala msichore mipaka ya jirani na jirani, msije mkazua kesi ambazo chama hakina mamlaka ya kuziamua. Orodha ya nukta itunzwe kama daftari la hisa, wala isipewe mtu wa nje bila idhini.

Saba, ramani ibandikwe ofisini na isomwe katika Mkutano Mkuu pamoja na hesabu za mwaka.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Ni kitongoji kipi katika eneo la chama chenu ambacho umbali wake wa mguu unazidi sana umbali wa rula? Sababu ni nini?

2. Kwenye ramani ya 1:50,000, ghala na kituo vimetengana kwa sentimeta 9. Umbali wa rula ni kilometa ngapi? (Jibu: kilometa 4 na nusu.)

3. Tafuteni msongamano wa wanachama katika chama chenu chote, kisha katika kila kitongoji. Tofauti yake inawaambia nini kuhusu mgawanyo wa pembejeo na huduma?

4. Wajumbe wa Bodi yenu wanatoka upande gani wa ramani? Ni upande upi usio na mjumbe?

5. Kama chama kingeongeza kituo kimoja tu mwaka huu, kiwekwe wapi? Toeni sababu kwa kutumia ramani na hesabu.

Makatibu wanaombwa kuliongoza somo hili katika vikundi vya kujisomea kabla ya msimu wa ununuzi kuanza, wakati ambapo bado kituo chaweza kuhamishwa na karani chaweza kutafutwa nafasi yake katika makisio.